Sauti Hupimwaje, na Sikio Huvumilia Kiasi Gani?

Mkazi wa Hai Mauna, mjini Juba, aweza kuujua wakati kwa masikio yake bila kutazama saa. Alfajiri huwika jogoo. Kukipambazuka huanza pikipiki za bodaboda. Mchana husikika mashine ya kusaga nafaka na fundi akikata chuma. Jua likichwa huwashwa jenereta, moja baada ya nyingine, na juu ya ngurumo zake hupanda muziki wa redio na vipaza sauti. Ndivyo ulivyo mtaa huo, na ndivyo ilivyo mitaa mingi ya miji ya Afrika ya Mashariki inayokua upesi.

Watu huzizoea sauti hizo, hata mgeni akilalamika kwamba hakupata usingizi, wenyeji humcheka. Lakini kuzoea kwa namna hii kwaweza kuwa na maana mbili. Yawezekana kwamba akili imejifunza kutozijali kelele. Yawezekana pia kwamba sikio lenyewe limeanza kufa, na hayo yanayoitwa mazoea ni uziwi unaoingia polepole. Mwenye sikio hawezi kuyatofautisha mambo hayo mawili kwa kusikiliza tu. Kwa sababu hiyo kipimo kinahitajika.

Jambo hili linamhusu kila mwananchi, lakini linaihusu zaidi familia ya askari jeshi na polisi. Kazi ya askari ni miongoni mwa kazi zenye sauti kali kupita zote, na atokapo kazini huzikuta kelele nyingine zikimngoja nyumbani.

KIPIMO CHA SAUTI

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ngoma ikipigwa, ngozi yake huisukuma hewa iliyo karibu, hewa hiyo huisukuma iliyo mbele yake, na msukumo huo husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde mpaka umfikie msikilizaji. Msukumo ukiwa na nguvu, sauti huwa kubwa. Mitetemo ikiwa mingi katika sekunde moja, sauti huwa nyembamba kama ya filimbi. Ikiwa michache, sauti huwa nene kama ya ngoma kubwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde.

Ugumu wa kupima sauti watokana na uwezo wa ajabu wa sikio. Sauti inayoanza kuliumiza ina nguvu mara 1,000,000,000,000, yaani trilioni moja, kuliko sauti ndogo kabisa liwezayo kuitambua. Tarakimu ndefu namna hiyo hazifai kwa matumizi ya kila siku. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 wahandisi wa simu wa Marekani waliunda kipimo kinachopanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Wakakiita beli, kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell aliyesajili uvumbuzi wa simu mwaka 1876. Bell alikuwa mwalimu wa viziwi; mama yake alikuwa na uziwi, na mkewe alikuwa kiziwi pia. Sehemu moja ya kumi ya beli ndiyo desibeli, na desibeli ndiyo itumikayo duniani kote hivi leo.

Kanuni yake ni moja. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huzidi mara 10. Zikiongezeka 20, nguvu huzidi mara 100. Zikiongezeka 30, huzidi mara 1,000. Sifuri ya kipimo hiki haina maana ya ukimya mtupu. Ni ile sauti ndogo ambayo sikio zima la kijana huanza kuisikia.

Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni 60. Barabara yenye magari mengi hufika 80 hivi. Jenereta ndogo ya petroli, mtu akisimama kando yake kabisa, yaweza kufika kati ya 85 na 95, na mashine ya kusaga huwa katika kiasi hicho hicho. Ukumbi wa dansi wenye vipaza sauti vikubwa hufika 100 na zaidi. Msumeno wa injini wa kukatia magogo hufika 110. Kuanzia 120 hivi sikio huanza kuuma. Bunduki huanzia 140 na kupanda.

Chombo cha kupimia si kigumu kukielewa. Kina kinasa sauti kinachopokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa umeme, kisha tarakimu huonekana kwenye kioo. Lakini chombo hicho hupaswa kufundishwa kusikia kama mtu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya simu ya Bell, walionyesha kwamba sikio halizipokei sauti zote kwa usawa: sauti nene sana huhitaji nguvu nyingi zaidi ili ionekane kuwa sawa na sauti ya kati. Kwa sababu hiyo vipimo vingi vya kelele hutolewa kwa mizani iitwayo desibeli A, ambayo huzipunguzia uzito sauti nene kama sikio lenyewe lifanyavyo.

SIKIO HALIWEZI KUJIAMULIA

Mtu huongozwa na hisia yake akisema kelele hii ni kubwa au ni ndogo. Hisia hiyo hudanganya. Mwaka 1936 mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Smith Stevens, alipendekeza kipimo cha ukubwa wa sauti kama mtu anavyouhisi, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sauti ikizidi desibeli 10, msikilizaji huiona kuwa imekuwa kubwa mara mbili hivi. Lakini kama ilivyokwisha kuelezwa, nguvu yake imezidi mara 10. Tena sauti ikizidi desibeli 3 tu, mtu huitambua tofauti kwa shida, ilhali nguvu inayoingia sikioni imekuwa maradufu.

Madhara hufuata ile nguvu yenyewe pamoja na muda wake. Hisia haiwi mizani. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inashauri kwamba mfanyakazi asipate zaidi ya desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila kelele inapozidi desibeli 3, muda huo hupunguzwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 97 ni nusu saa, na desibeli 100 ni dakika 15 tu.

Hesabu hii yaweza kulinganishwa na posho ya askari. Kila siku sikio hupewa posho yake ya sauti. Likila polepole, posho hutosha kutwa. Likila kwa pupa, huisha mapema, na kila kinachozidi hapo hulipwa kwa afya ya sikio lenyewe. Askari aliye mapumzikoni akikaa saa 3 katika ukumbi wa dansi wenye desibeli 100, amekwisha kula posho ya siku 12 kwa usiku mmoja. Naye hatahisi kwamba amekula, kwa kuwa muziki ulimpendeza. Sikio halitofautishi kati ya sauti ipendwayo na sauti ichukiwayo.

Serikali kadhaa za Afrika ya Mashariki zimeweka mipaka kisheria. Uganda ilitoa kanuni za viwango vya kelele mwaka 2003. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinazohusu mahali pa kazi haziruhusu mfanyakazi kupata zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, wala mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 wakati wowote. Tanzania nayo ilitoa kanuni zake za kelele na mitetemo mwaka 2015. Kwa wanaosikiliza muziki kwa visikizi vya masikioni, Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za juma, na mtoto asipite desibeli 75 kwa muda kama huo.

YANAYOTOKEA NDANI YA SIKIO

Sauti ikiingia sikioni hukipiga kiwambo, ambacho wengine hukiita ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote vilivyomo mwilini. Mifupa hiyo huupeleka mtikisiko mpaka ndani ya mfereji uliojikunja kama nyumba ya konokono, uliojaa maji. Humo ndimo zilimo chembe zenye vinyweleo, karibu 15,500 katika kila sikio. Maji yakitikisika vinyweleo huinama, na chembe hutuma habari kwenye ubongo.

Mhangaria Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba kila sehemu ya mfereji huo ina sauti yake. Mwanzoni, karibu na kikuku, ndipo panapopokelewa sauti nyembamba. Ndani kabisa ndipo panapopokelewa sauti nene.

Kelele kali huvichosha vinyweleo kama majani yanavyolala yakikanyagwa na wapitaji. Wakipita wachache, majani huinuka tena. Ndiyo sababu mtu atokaye mahali penye kelele husikia kama ametiwa pamba masikioni, kisha baada ya saa kadhaa, au siku moja au mbili, hali hurudi. Lakini njia ikikanyagwa kila siku, majani hufa na ardhi hubaki tupu. Hata kule kurudi kwa usikivu si dhamana kamili. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele kwa muda wa saa 2 walirudia kuzisikia sauti ndogo kama kawaida, ilhali sehemu kubwa ya viungo baina ya chembe na mishipa ya fahamu ilikuwa imekwisha kupotea.

Chembe za mwanadamu zikifa hazioti tena. Katika miaka ya 1980 wanasayansi waligundua kwamba kwa ndege mambo ni tofauti: kifaranga aliyeharibiwa chembe hizo kwa kelele huziotesha upya. Jogoo wa Hai Mauna amebarikiwa katika jambo hili kuliko mwenye jogoo. Mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha chembe hizo kwa binadamu. Chombo cha kusaidia kusikia huikuza sauti tu. Hakiwezi kukirudisha kilichokufa.

BUNDUKI NA MZINGA

Sikio lina mlinzi wake wa asili. Ni msuli mdogo unaoshika kikuku na kukikaza inapokuja sauti kubwa, ili mtikisiko upungue. Mlinzi huyo hufaa kidogo kwa ngurumo inayopanda taratibu. Kwa bunduki hafai kitu, maana huhitaji muda wa karibu sehemu ya kumi ya sekunde hata akaze barabara, na mlio wa risasi hupita kwa sehemu chache za elfu za sekunde. Adui amekwisha kuingia na kutoka kabla mlinzi hajashika silaha.

Mlio wa bunduki ya kivita, kwa yule aliyeishika, hupita desibeli 140 na mara nyingi hukaribia 160. Mizinga na mabomu hupita hapo. Katika viwango hivyo hakuna tena hesabu ya saa wala dakika. Risasi moja bila kinga yaweza kuacha madhara ya kudumu. Mshindo ulio karibu waweza pia kukipasua kiwambo.

Askari apigaye bunduki kwa bega la kulia aghalabu huharibikiwa zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo lililo karibu na mdomo wa bunduki, na la kulia hukingwa na kichwa. Mwalimu wa shabaha huwa hatarini kuliko mwanafunzi wake. Mwanafunzi hupiga zamu yake akaondoka. Mwalimu husimama pale kutwa nzima. Chumba chenye kuta huzidisha madhara, kwani mlio hugonga ukuta na kurudi. Katika Marekani, mlio wa masikio na upungufu wa kusikia ni miongoni mwa madhara yanayoongoza kwa kulipiwa fidia kwa askari wastaafu.

Mji wa Juba ulizisikia silaha nzito mwezi Disemba 2013, na tena mwezi Julai 2016. Waliokuwamo mjini siku hizo, askari na raia, wakubwa kwa watoto, waliipokea milio hiyo bila kinga yoyote. Aliyebaki na mlio usiokoma sikioni, kama wa nyenje, au anayeomba kurudiwa maneno mara kwa mara, asidhani kuwa ni uzembe wa akili. Yafaa akapimwe.

Ipo pia desturi ya kufyatua risasi hewani kwa furaha. Watu wengi hujua kwamba risasi hiyo huanguka na yaweza kuua. Wachache hukumbuka kwamba, kabla haijaanguka, imekwisha kuyaumiza masikio ya mpigaji na ya watoto waliokusanyika kumtazama.

JE, SI UZEE TU?

Wako wasemao kwamba kila mtu akizeeka huwa kiziwi, na hivyo hakuna haja ya kujisumbua. Jibu moja mashuhuri la hoja hiyo lilitafutwa katika ardhi ambayo leo ni Sudani Kusini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Samuel Rosen, daktari mpasuaji wa masikio kutoka New York, alifunga safari pamoja na wenzake, wakiwamo madaktari wa Sudani, kwenda kwa Wamabaan walio karibu na mpaka wa Ethiopia. Watu hao waliishi mbali na mitambo, wala hawakuwa na bunduki. Kelele za kawaida katika vijiji vyao zilipimwa na kuonekana kuwa chini ya desibeli 40 kwa sehemu kubwa ya siku, isipokuwa pale jogoo au mnyama mwingine wa kufugwa alipolia. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 1962, Rosen na wenzake walieleza kwamba wazee wa Kimabaan walisikia vizuri kuliko Wamarekani wa umri wao, hasa zile sauti nyembamba ambazo hupotea kwanza.

Wataalamu wengine walitoa maonyo ya haki. Umri wa wazee hao haukuandikwa popote. Tena shinikizo lao la damu halikupanda pamoja na umri kama lipandavyo kwa watu wa mijini, na chakula chao kilikuwa tofauti. Mambo hayo nayo huenda yaliyasaidia masikio. Hata hivyo uchunguzi ule uliwafanya madaktari wengi duniani waulize ni kiasi gani cha uziwi wa uzeeni huletwa na miaka, na ni kiasi gani huletwa na makelele ya miaka hiyo.

Nchi ya Wamabaan yenyewe haikubaki kama Rosen alivyoiona. Tangu miaka ya 2011 na 2012, Wilaya ya Maban katika Jimbo la Upper Nile imewapokea wakimbizi wengi kutoka Blue Nile ya Sudani, katika kambi za Doro, Yusuf Batil, Gendrassa na Kaya. Vita vimefika mahali palipowahi kupimwa kuwa miongoni mwa mahali patulivu duniani.

UZIWI UINGIAPO NYUMBANI

Uziwi wa kelele hauumi, na hauanzi kwa giza la masikio. Huanza kwa sauti nyembamba, hasa zile za mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde. Irabu kama a, i na u ni sauti nene, nazo hubaki. Zinazotoweka ni konsonanti kama f, s, sh, t na k. Mke akisema "fika", mume husikia "pika". Akisema "shika", husikia "fika". Mume hujua kwamba ameambiwa neno, lakini halijui ni neno gani. Kwa hiyo husema, "Nakusikia, lakini husemi wazi." Hapo ugomvi huanza.

Watu wa nyumbani huona kwamba baba amekuwa mkali tangu aliporudi kutoka kazini. Anafungua redio kwa sauti ya kukera. Hataki kukaa na wageni wengi, kwani sauti za watu watano zikichanganyika hapati hata moja. Watoto huacha kumweleza habari zao. Yaelekea kwamba katika nyumba nyingi mtu amehukumiwa kuwa na kiburi ilhali kosa lake ni masikio.

Kazini hatari ni nyingine. Askari asiyeipata konsonanti ya amri, au mlinzi wa lindo asiyesikia kijiti kikivunjika gizani, anajiweka hatarini yeye na wenzake. Usikivu ni sehemu ya silaha zake.

Mtoto naye huitwa mkaidi. Huitwa mara tatu haitiki. Darasani huandika neno jingine badala ya lile lililotamkwa. Kabla ya kumwadhibu, yafaa mzazi na mwalimu waulize kama amesikia. Kelele hudhuru masomo hata kama masikio ni mazima. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft alitoa matokeo ya uchunguzi katika shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli. Wanafunzi wa vyumba vilivyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Kelele zilipopunguzwa baadaye, tofauti hiyo ikatoweka.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2021, watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na milioni 430 miongoni mwao wanahitaji msaada wa kitaalamu. Wengine walizaliwa hivyo, wengine waliugua. Lakini sehemu inayoletwa na kelele yaweza kuzuiwa yote.

YALIYO NDANI YA UWEZO WA KILA FAMILIA

Kwanza ni kupima bila chombo. Watu wawili wasimame kwa umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Ikiwa hapana budi wapaze sauti ili wasikilizane, basi kelele ya mahali hapo yaelekea imefika desibeli 85 au zaidi, na posho imeanza kuliwa. Mwenye simu ya kisasa aweza pia kutumia programu ya kupimia sauti. Ile Taasisi ya Marekani iliyotajwa ilitoa ya bure kwa simu za iPhone mwaka 2017. Tarakimu za simu si za kuapia, lakini hutosha kwa onyo.

Pili ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Jenereta yenye desibeli 90 kwa mita 1 huwa na 84 kwa mita 2, na 78 kwa mita 4, na 72 kwa mita 8. Mita chache za ua humaliza kazi ambayo dawa haiwezi. Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha, na bomba la moshi lisielekee nyumba ya mtu. Kamwe isiwashwe ndani ya chumba wala barazani palipozibwa, kwani moshi wake una hewa yenye sumu iuayo watu usingizini. Majirani wakipatana saa ya kuzima, mtaa wote hufaidika. Kila nyumba inayopata umeme wa mji au wa jua huwaondolea jirani zake ngurumo moja.

Tatu ni muda. Mwenye kazi ya mashine ya kusaga au ya kukata chuma asifanye kutwa nzima bila kupumzika mahali patulivu. Aliyetoka kwenye shabaha mchana asiende ukumbini usiku. Sikio lililochoka lipewe usiku wa kupumzika.

Nne ni kinga. Vizibo vya sponji, vikivaliwa sawasawa, na vifuniko vya masikioni huweza kupunguza desibeli 20 hadi 30. Kizibo hufinywa kwa vidole safi kikawa chembamba. Sikio huvutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kizibo huingizwa, kisha hushikwa mpaka kitanuke. Kilichokaa mlangoni mwa sikio hakifai. Kwa silaha nzito na katika chumba cha shabaha, vizibo na vifuniko huvaliwa pamoja. Pamba kavu na vichungi vya sigara havitoshi. Aliyevitia hudhani kwamba amekingwa, na hivyo hukaa muda mrefu zaidi penye hatari.

Tano ni dawa na usafi. Baadhi ya dawa zenye nguvu, kama jentamaisini na streptomaisini, zaweza kuyadhuru masikio. Zitumiwe kwa amri ya mganga tu. Njiti na unyoya visitiwe sikioni. Mtu akipigwa na mshindo akatoka damu sikioni, asitiwe mafuta wala matone ya aina yoyote; sikio lifunikwe kwa kitambaa safi, naye apelekwe hospitali. Tundu dogo la kiwambo mara nyingi huziba lenyewe likiachwa safi na kavu. Usikivu uliotoweka ghafla usingojewe wiki nzima. Daktari aonwe siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walimkusudia mtu asiyeshika maonyo. Elimu ya leo yaonyesha kwamba maneno hayo ni ya kweli hata kwa sikio lenyewe, kwa kuwa chembe iliyokufa haina dawa. Basi kizibo kivaliwe kabla ya risasi ya kwanza ya zoezi, na jenereta ihamishwe kabla ya jua kuchwa.